Mutoto anafundishwa kusema. Sisi wazazi, tunajua kusikia?

Ba-papa na ba-mama wa kazi ya mugodi, leo sitasema juu ya mushahara, wala juu ya prime, wala juu ya wale wenye kulipwa nusu ju wako mu sutretansi. Wenye kusoma maandiko yangu wamezoea ile. Leo nataka tuzungumuze neno moja lenye tunaogopa kutaja ata mu nyumba zetu: watu wakubwa wenye kuharibu watoto, na namna masomo inaweza kutusaidia kuzuia.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Nisipoanza nalo, mutasema nahubiri tu.

Miaka imepita sasa. Nilikuwa delege mupya wa sindika, na watu wa kartie walinizoea sawa mutu wa kupatanisha. Mutu akigombana na kapita wake, wananiita. Majirani wakigombana juu ya mupaka wa lupango, wananiita. Siku moja nilikuwa natoka posti ya asubui, viatu vya kazi vingali ku miguu, baba mumoja akakuya kunitafuta. Alikuwa mutu wa mugodi sawa mimi. Mutoto wake mwanamuke, miaka 11, alikuwa anaenda kila siku kwa kijana mumoja wa kartie mwenye kufundisha watoto saa za nyuma ya masomo, ile tunaita repetisio. Mutoto akaanza kukataa kuenda. Wakamuchapa, wakasema ni uvivu. Akaendelea kukataa, wakamuchapa tena. Kisha mama yake akaona damu ku nguo wakati wa kufua. Akamuuliza polepole. Mutoto akalia, akasema yote.

Nilikuta wazee wa jamaa mbili wamekaa mu lupango, viti vimepangwa vizuri. Walitaka nikuwe shahidi wa mapatano. Na mimi, ju najua kujadiliana, nilijadiliana. Jamaa ya kijana ilianza na mbuzi moja na falanga kidogo. Nikapandisha. Nilipandisha sawa vile tunapandishaka prime mbele ya patro. Tukamaliza na mbuzi mbili, falanga ya hopitali, na ahadi kama kijana atahama. Watu walinishukuru. Nilirudia kwangu nikiona nimefanya kazi ya maana.

Mutoto mwenyewe hakuna mutu alimuita. Alikuwa ndani ya nyumba, mulango umefungwa.

Mwaka haukuisha. Kijana alihama kweli, akaanza kufundisha mu kartie ingine. Na kule nako, mutoto wa watu wengine. Siku nilisikia ile habari sikulala. Nilielewa kama mbuzi zangu mbili zilimununulia ruhusa ya kuendelea, na mutoto wa pili njo alilipa.

Tangu pale sijakaa tena mu mapatano ya namna ile. Na swali moja haliniache: nini ingefanya ule mutoto wa kwanza aseme mapema, siku ya kwanza kabisa? Na nini ingefanya sisi tumusikie wakati alikuwa anakataa kuenda?

Si mugeni wa usiku tu

Watoto wetu tunawafundisha kuogopa mugeni: mulevi wa njiani, mutu wa gari yenye viyo vyeusi. Ile hatari iko, siikatae. Wakongomani wote tunakumbuka Kavumu, karibu na Bukavu, fasi watoto wadogo wanawake walianza kunyakuliwa usiku mu nyumba zao tangu 2013, wengine hawajafika ata umuri wa kuanza masomo. Tarehe 13 mwezi wa 12, 2017, korti ya kijeshi ilihukumu wanaume 11 kifungo cha maisha, na kati yao kulikuwa depite mumoja wa provense. Basi mutu asituambie kama wakubwa hawashikwake.

Lakini mara nyingi mambo hayaendake vile. Mwenye kuharibu mutoto ni mutu mwenye mutoto anajua na mwenye jamaa inaheshimu: mujomba, baba mudogo, mupangaji, jirani, mwalimu, mukubwa wa kanisa, mufundishaji wa mupira. Havunje mulango. Anapiga hodi, anapewa kiti. Anaanza na zawadi: biskiti, inite za telefone, falanga ya kununua kaye. Nyuma ya zawadi kunakuya siri: "Usiambie mama." Nyuma ya siri kunakuya vitisho: "Ukisema, papa yako atafukuzwa ku kazi." Mutoto wa mufanyakazi anasikia ile neno, anajua kwao watakula nini kama papa anafukuzwa, ananyamaza.

Mwezi wa 10, 2024, UNICEF ilitangaza hesabu ya dunia nzima. Wasichana na wanawake wenye kuishi leo, zaidi ya milioni 370, walibakwa ao walishambuliwa kingono mbele ya kufika miaka 18. Ni karibu mumoja ku kila 8. Kwa inchi za Afrika za kusini ya Sahara peke, ni milioni 79. Na watoto wanaume wako ndani pia, karibu mumoja ku kila 11. Wale wa kiume njo wananyamaza zaidi, ju tumewaambia mwanaume haliake.

Sasa tuangalie maisha yetu sisi wa mugodi. Papa anaingia posti ya usiku. Mama anaamuka mbele jua halijatoka, anaenda kutafuta mikate ya kuuza ao anaenda ku shamba. Mutoto anabaki na nani? Tangu kobalti ilianza kuita watu Kolwezi kutoka kila fasi, lupango moja inakaa jamaa tatu, ine, na choo moja bila kifungio. Chumba cha mbele tunapangisha kijana wa karyere, hatujui alitoka wapi, tunajua tu analipa. Wengine watoto wetu wanauza maji na mikate pembeni ya karyere, mu katikati ya wanaume wenye falanga ya leo leo. Sisemi hivi kusudi tuhukumu ba-mama wenye kutafuta chakula. Nasema kusudi tuone fasi zenye ziko na mashimo.

Kwenye klasi wanafundisha nini

Ku masomo yetu kuko kozi inaitwa Éducation à la vie. Iko ku bulete, mutaiona mukitafuta vizuri. Wazazi wengi wakisikia jina wanawaza ni kufundisha watoto mambo ya ndoa mbele ya wakati. Niliwaza vile vile. Kisha, sababu niko mu komite ya wazazi, niliomba nikae nyuma ya klasi moja ya pili primere siku mwalimu alikuwa anafundisha namna ya kuchunga mwili.

Watoto walikuwa zaidi ya 70. Tangu mwezi wa 9 wa 2019, wakati masomo ya primere ilianza kutolewa bila kulipa, klasi zimejaa, watoto wane ku banki moja. Mwalimu, mama mumoja wa umuri wangu, hakusema kitu cha haya. Alichora mutoto ku ubao, akamuvalisha nguo ya ndani na choki. Akasema: "Fasi yenye nguo hii inafunika ni yako. Hakuna mutu mukubwa eko na haki ya kushika, wala ya kukuonyesha yake, wala ya kupiga picha." Akaeleza tofauti: munganga anaweza kuangalia kama uko mugonjwa, lakini mama ao papa eko pale, na hakuna siri ndani. Mutoto mudogo mama anamuosha, ile ni kusafisha. Akaeleza tena kama kuko siri mbili. Siri ya furaha inaishaka: tunaficha zawadi ya siku ya kuzaliwa, kisha kila mutu anajua. Siri mubaya ni ile mutu mukubwa anasema usiambie mutu hata siku moja, na tumbo lako linauma ukiifikiria.

Mutoto mumoja mwanaume akanyoosha mukono. "Mama mwalimu, na kama ni mujomba?"

"Ata mujomba."

"Na kama ni papa?"

Klasi ikanyamaza. "Ata papa."

Msichana mumoja wa mbele akauliza kwa sauti ndogo: "Na kama ni mwalimu?"

Yule mama akamuangalia, akajibu: "Ata mimi."

Nyuma ya pale walifundishwa mambo matatu ya kufanya: kusema hapana kwa nguvu, kutoka pale mbio, kuenda kuambia mutu mukubwa. Na kama ule mutu hakuamini, kuenda kwa wa pili, kwa wa tatu, mupaka mumoja aamini. Mwalimu alirudilia mara nyingi: ukishindwa kusema hapana, ukishindwa kukimbia, haiko kosa lako, na unaweza kusema ata kama siku nyingi zimepita. Walifanya muchezo mbele ya klasi, mumoja anakuwa jirani mwenye biskiti, mwingine anakuwa mutoto. Walicheka sana, lakini walijua maneno.

Mwisho, kila mutoto alichora mukono wake ku karatasi. Ku kila kidole aliandika mutu mumoja mwenye anaweza kuambia kama kuko shida. Nilipita kati ya mabanki. Wengine walijaza vidole vyote. Mutoto mumoja aliacha vidole vitatu bila jina.

Nilirudia kwetu, nikaambia mutoto wangu wa miaka 9 achore mukono wake na yeye. Aliandika mama, nkambo, yaya, mwalimu wake, na mama jirani. Nikamuuliza: "Na mimi?"

Akajibu bila hasira: "Papa, we unalalaka. Na ukiamuka, unakasirikaka."

Ba-papa wenzangu wa posti ya usiku, sikuwa na jibu.

Je, inasaidia kweli?

Mutu wa sindika anapenda kuona hesabu. Mwaka wa 2015, watafiti wenye kuongozwa na Kerryann Walsh wa Australia walikusanya utafiti 24 juu ya mafundisho ya namna hii ku masomo, watoto zaidi ya 5800, mingi yao wa Marekani na Kanada. Walikuta mambo haya. Watoto wenye kufundishwa wanajua zaidi namna ya kujichunga, na ile elimu ingali kwao ata kisha miezi sita. Hawakukuwa na woga zaidi ya wengine, na ile njo wazazi wengi wanaogopa. Na kitu chenye kilinigusa zaidi: ku watoto 1000 wenye hawakufundishwa, 4 walisema walitendewa ubaya. Ku watoto 1000 wenye walifundishwa, 14 walisema. Wale kumi wa katikati, shida yao haikuletwa na kozi. Ilikuwa pale, kozi iliwapa mudomo.

Lakini wale watafiti walisema pia ukweli mwingine, na sitauficha. Hawakuweza kuhakikisha kama mafundisho peke inapunguza ubaya wenyewe. Mutoto amejua kusema hapana. Lakini mutoto wa kilo 25 mbele ya mwanaume wa kilo 70, ile "hapana" itasimamisha nini kama hakuna mutu nyuma yake?

Sisi wa mugodi tunaelewa hii kuliko wote. Siku ya kwanza ya kazi walitupa kofia. Kofia ni ya lazima, hakuna mutu ataingia bila kofia. Lakini je, tumekubali siku moja patro atupeleke chini ya jiwe lenye kuninginia, aseme "endeni, muko na kofia"? Hapana. Tunasema: angusha lile jiwe kwanza, funga ile fasi, weka mutu wa kuangalia. Kofia ni ya mwisho. Kozi ya mutoto ni kofia yake. Jiwe ni sisi watu wakubwa. Kuangusha jiwe haiko kazi ya mutoto.

Masomo yenyewe inapaswa kubadilika

Kule Uganda, mu distrikti ya Luwero, shirika Raising Voices lilifanya kazi mu masomo ya primere kwa mupango wao wa "masomo mazuri". Hawakufundisha watoto tu. Walikaa na walimu, wakubwa wa masomo na wanafunzi, wakaandika pamoja kanuni mupya, wakaweka komite za watoto. Utafiti ulifanywa mu masomo 42, na matokeo yakatangazwa 2015. Fasi mupango haukufika, wanafunzi 49 ku 100 walisema mutu wa masomo aliwapiga mu wiki iliyopita. Fasi ulifika, walikuwa 31. Ingali mingi, lakini ilishuka sana.

Mutaniuliza: kuchapa na kubaka vinakutana wapi? Vinakutana mu mudomo wa mutoto. Mutoto mwenye kuogopa fimbo ya mwalimu hatamupelekea siri yake. Kumbukeni yule wa miaka 11: alisema "sitaki kuenda", tukamujibu na fimbo. Alikuwa ametuambia tayari, kwa maneno yenye alikuwa nayo.

Ku sekondere kuko ubaya mwingine, na Kongo nzima tunaujua mupaka tumeupa jina la kuchekesha: points sexuellement transmissibles. Mwalimu anaomba mwili wa msichana kusudi amupe alama. Tunacheka. Lakini mwenye kufanya vile na mutoto wa chini ya miaka 18 ni muhalifu, na mutoto wako ukimufundisha kusema hapana bila kuangalia mwalimu, umemupa kofia tu.

Basi mu komite yetu ya wazazi tuliomba mambo mane, na kila komite inaweza kuyaomba. Moja, mutu mukubwa asibaki peke na mutoto mu chumba chenye kufungwa. Repetisio ifanyike ku baraza, fasi kila mupita njia anaona. Mbili, choo cha wasichana na cha wavulana vitengane, na viwe na milango yenye kufungwa kwa ndani. Tatu, masomo ichague watu wawili, mwanamuke na mwanaume, wenye watoto wote wanajua kama wale njo wa kusikia shida zao, na wafundishwe ile kazi. Ine, kukiwa malalamiko juu ya mwalimu, asihamishwe kimya kimya kuenda masomo ingine. Kuhamisha ni ile mapatano yangu ya mbuzi mbili, lakini na mutampo.

Falanga itatoka wapi? Hapa sindika iko na kazi. Kode ya migodi iliyogeuzwa mu mwezi wa 3 wa 2018 inalazimisha kampuni ya mugodi kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wenye kuishi karibu. Ni dola 3 ku kila dola 1000, na ku migodi yetu ile inakuwa mamilioni. Mara nyingi tunaomba jengo lenye kuonekana, na wakubwa wanakuya kukata kamba. Mukikaa ku mukutano wa kuchagua miradi, muombe pia milango ya choo, ukuta wa masomo, na mafundisho ya walimu. Haipendeze ku picha, lakini inachunga watoto.

Kama mutoto wako amesema leo

Kaa chini, ufanane naye kwa urefu. Usipige kelele, ata kama moyo unawaka. Mwambie maneno haya: "Ninakuamini. Haiko kosa lako. Umefanya vizuri kuniambia." Usimuulize mara kumi, usimulazimishe kurudilia mbele ya majirani na wajomba.

Mupeleke ku hopitali mbio, mbele ya saa 72. Mu ile siku tatu wanaweza kumupa dawa ya kuzuia virusi vya sida. Msichana mwenye kuanza kuona mwezi, kuko dawa ya kuzuia mimba mbele ya saa 120. Usimuoshe mbele munganga hajamuona. Nguo yake weka mu karatasi ao mu kitambaa, hapana mu sashe ya plastiki. Omba sertifika ya munganga. Na kama siku zimepita, usiseme "tumechelewa": kuenda ni kuenda, majeraha na moyo vinatunzwa bado.

Kisha enda ku polisi, kuko kikosi cha kuchunga watoto na kuzuia ubakaji, ao enda ku parke. Sheria iko wazi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009, inasema mutoto ni kila mutu chini ya miaka 18. Kubaka mutoto ni kifungo cha miaka 7 mupaka 20, na amande ya falanga 800 000 mupaka 1 000 000. Kama mwenye kufanya ni muzazi, mwalimu, ao mutu mwenye mamlaka juu ya mutoto, kifungo cha chini kinaongezeka mara mbili. Mutu asikuambie "mutoto alikubali". Mbele ya sheria, mutoto hakubalike.

Na hii isikieni vizuri, wapatanishi wenzangu. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 2006, inasema kesi ya ubakaji haiishe kwa kulipa amande. Mbuzi, falanga, ahadi ya kuoa, hakuna kati ya hizo yenye kuzima kesi. Ile sheria inaomba pia uchunguzi wa kwanza uishe mu mwezi moja na hukumu itoke mu miezi mitatu. Tunajua vile inaendaka kweli: faili inalala, mashahidi wanachoka, anayelipa anapita. Njo maana jamaa moja isiende peke. Sindika ikisindikiza mufanyakazi ku parke, watu watano wamekaa ku banki pamoja naye kila wiki, faili hailale rahisi.

Kama mwenye kufanya ni mutoto mwingine, ni kazi ya tribinali ya watoto. Na ata kama tuko na hasira, tusimuchome mutu, tusimupige mupaka kufa. Maiti haisemake ni watoto gani wengine aliwafikia, na wale watabaki na siri yao.

Ya mwisho: mutoto arudie ku masomo. Kumutoa ni kumupa yeye azabu.

Alikuwa anasikia

Ule mutoto wa kwanza leo ni mwanamuke mukubwa. Tulikutana ku soko, akanisalimia kwa heshima: "Jambo, papa delege." Niliomba tusimame pembeni. Nilimuambia kama ile siku nilikosea, na kama sijasahau. Alikaa kimya wakati murefu, anashika mufuko wake wa unga.

Kisha akasema: "Mi nilikuwa ndani, papa. Nilikuwa ninasikia wakati mulikuwa munahesabu mbuzi. Nilikuwa ninangojea mutu moja aulize mi niko namna gani."

Hakuongeza neno. Alichukua unga wake, akaenda.

Nawaomba kitu moja. Ukitoka posti, mbele ya kulala, ita mutoto wako, umupe karatasi na kalamu, achore mukono wake. Usimuambie nani wa kuandika. Ukikuta jina lako halimo, usimukasirikie. Muulize tu kwa nini, kisha unyamaze, umusikilize mupaka amalize.